Hodi ya Bi Nassra

Bi Nassra alikuwa na hodi ambayo mtaa mzima wa Mpendae ukiitambua. Ilianza chini chini, kama mtu anayeonja mchuzi, ikapanda, ikakaa juu kidogo, halafu ikateremka na kumalizikia kwa "wenyewe mpo?" Aliyelala akiisikia aliamka akajifunga kanga. Kuku walihama njia. Marehemu mumewe akipenda kusema kwamba yeye aliiposa ile hodi, na mwenye hodi akaletwa kama nyongeza.

Hodi hiyo alifunzwa na mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa masihara. Hodi mara tatu. Ukikaribishwa, ingia. Usipokaribishwa, rudi ulikotoka, na shingo yako irudi na wewe, isibaki nyuma ikichungulia. Bi Nassra akaishika amri hiyo tangu yuko darasa la kwanza mpaka akawa bibi wa watu, na hakuivunja hata siku moja. Nasema hata siku moja, mpaka siku ninayotaka kuisimulia.

Mwaka elfu mbili na mbili, Bi Nassra alikuwa ameshatimiza miaka mitano ya upishi katika Nyumba ya Utulivu. Ilikuwa nyumba ya wazee, imejengwa na jumuiya moja ya watu wema mwisho wa Mpendae: wanaume upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto, jiko katikati, na afisi ya mkuu wa nyumba mbele, penye feni. Jina Utulivu walilichagua watu wa kamati, ambao hawakuwahi kukaa pale wakati wazee wanagombea redio.

Kila siku saa nne za asubuhi Bi Nassra akibeba sinia ya uji mpaka mlango wa upande wa wanawake. Mlango wenyewe daima umerudishwa. Akisimama, akapiga ile hodi yake. Ndani mkasikika pirika pirika, kitanda kikalia, kisha Badriya, mhudumu wa upande ule, akaitikia, "Karibu, Bi Nassra, karibu!" Ile karibu ikichelewa kidogo. Bi Nassra hakuona ajabu. Wanawake watu wazima kumi na mmoja, lazima wapate nafasi ya kujistiri.

Kitanda cha tatu kutoka mlangoni alikuwepo Bi Kidawa, mtu wa Matemwe. Umri wake hakuujua mtu. Mwenyewe akiulizwa husema amezaliwa mwaka wa njaa, na ukimuuliza njaa ipi, anakuuliza wewe umeshiba lini. Alipanda mwani mpaka magoti yakamkatalia maji, mpwa wake akamleta mjini akasema atarudi kumchukua. Bi Kidawa alikuwa bado anamngojea, na katika kungojea akitega vitendawili. Hapo ndipo yeye na Bi Nassra walipopatana, kwani wote wawili kitendawili kwao ni kama tambuu kwa wengine: bila hicho mdomo hauna kazi.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ikipigwa hodi, mie hufunguliwa."

"Mlango!" akasema Bi Nassra, huku anamimina uji. "Aa, Bi Kidawa, leo umeniteremshia cha watoto wa chuoni."

"Siyo mlango."

"Dirisha."

"Nani anapiga hodi dirishani, mwizi?"

"Duka. Kasha. Kufuli!"

"Umeshindwa. Nipe mji."

Anayeshindwa, hiyo ndiyo ada yake: hutoa mji. Aliyetega akaupokea, akasema nimekwenda huko, nikakaa, nikala, nikanywa, kisha akatoa jibu. Na Bi Kidawa miji yote ya dunia haitaki ila mmoja.

"Sijashindwa," alisema Bi Nassra. "Na ningeshindwa, ningekupa Tunguu."

"Tunguu nnakwenda kufanya nini, kusoma? Nipe Matemwe."

"Hupati. Kesho ntakujibu."

Kesho hakujibu, wala keshokutwa. Wiki nzima ikapita, Bi Nassra anakoroga uji na kujisemea kama mtu aliyepagawa: birika, bahasha, boksi la posta. Kushindwa hakutaka, maana tangu darasa la nne hajampa mtu hata kitongoji, sembuse mji.

Sasa, Jumamosi na Jumapili ile kulikuwa na harusi ya mpwa wake, Mkunazini. Bi Nassra alipiga vigelegele vya kumpokea bwana harusi, vya kumtoa bi harusi, na vingine vya kuwakomesha upande wa pili ambao walidhani wana vifua. Jumatatu akaamka hana sauti. Hata kidogo. Akifungua kinywa, kinatoka kipumzi kama pampu ya baiskeli.

Saa nne alifika mlangoni na sinia yake. Akapiga hodi. Fuu. Akarudia. Fuu. Ya tatu ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Ndani kimya. Kwa amri ya mama yake alipaswa arudi, lakini uji ulikuwa unashika utando, na kiganja kinaungua. Akasema moyoni, hodi nshapiga, kosa si langu kama haikusikika. Akausukuma mlango kwa nyonga akaingia.

Badriya alikuwa kule mwisho, amewapa mgongo, anakunja mashuka na kuimba taratibu. Bi Kidawa alikuwa amekaa juu ya kitanda chake cha tatu, na mikono yake yote miwili imefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa vipande vya kanga kuukuu.

Bi Nassra alisimama na sinia yake. Aliitazama ile mikono. Pale kitambaa kilipobana ngozi ilikuwa nyekundu, na pembeni ya wekundu kulikuwa na weusi, ule weusi wa jeraha lililopona likaumizwa tena. Halikuwa jambo la siku moja.

Bi Kidawa alimtazama kwa upole, kama mwalimu anayemwona mtoto mzito amefika kwenye jibu la hesabu.

"Leo hukupiga hodi," akasema.

Badriya akageuka. "Bi Nassra! Mbona unaingia kama jini?" Akaja mbio. Alivuta ncha moja ya kitambaa, fundo likafunguka. Akavuta ya pili, likafunguka. Kufumba na kufumbua, vitambaa viko mfukoni na Bi Kidawa ameteremshiwa mikono ya gauni. Ule wepesi ndio uliomchoma Bi Nassra. Lilikuwa fundo la kuvutwa mara moja, fundo la mtu anayengojea hodi.

"Nini hii, Badriya?" alipumua.

"Husemi, Bi Nassra? Una nini?"

"Sauti. Harusi. Nini hii?"

"Ah, anatoroka huyu! Alkhamisi moja nimemkuta barabara kuu, buibui begani, ananambia anakwenda Matemwe kwa miguu. Angegongwa na gari, angeulizwa nani? Si Badriya?" Akashusha sauti. "Na humfunga asubuhi tu, mpaka nimalize kuwaogesha wenziwe. Usinitazame hivyo, Bi Nassra. Harusini kwangu wewe ndiye uliyenipaka hina."

Kweli alimpaka. Ndiyo maana ile njia ya kutoka pale mpaka afisini, hatua thelathini, Bi Nassra aliiona ndefu kama ya kwenda Nungwi.

Mkuu wa Nyumba ya Utulivu alikuwa Bwana Zahran, mtu wa ukoo wa zamani wa Shangani, kanzu imepigwa pasi hata mikunjo ya kwapani. Adabu zake zilikuwa maarufu. Watu wakisema akikanyagwa mguu hutoa shukurani kwa kukumbukwa. Ukutani kwake, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, zilitundikwa Kanuni za Nyumba.

"Bwana Zahran," alinong'ona Bi Nassra, "Bi Kidawa anafungwa kitandani."

"Kitandani?" alinong'ona Bwana Zahran. Hakujua kwa nini wananong'ona, lakini aliona si adabu kumzidi mgeni sauti.

"Kwa vitambaa. Mikono yote miwili."

"La ilaha! Nani mwengine anajua?"

"Mbona na wewe unanong'ona?"

"Nilidhani ni siri."

"Sina sauti, Bwana Zahran. Siri wapi! Lione hili jambo."

Bwana Zahran akarudia sauti yake ya kawaida, akakohoa kwa haya, akafungua Kitabu cha Taarifa. Aliandika yote, mwandiko umelala kama nywele zilizotiwa mafuta. Bi Nassra akatia saini yake ya shule ya msingi, kila herufi akiituliza kwanza kabla hajaifuata nyengine.

"Kifungu cha tisa," alisema Bwana Zahran, akiinyooshea kidole fremu. "Mfanyakazi akishuku kwamba mzee anadhuriwa, atamwarifu mkuu wa nyumba, naye mkuu atakagua. Umeniarifu. Wajibu wako umekwisha, Bi Nassra, na Mungu akulipe. Uliobaki ni wangu."

Na wala hakuuchelewesha. Alitoka papo hapo akaenda kukagua. Bi Nassra, akiwa jikoni, alimsikia. Alikohoa hatua kumi kabla ya mlango, maana ni upande wa wanawake. Alikohoa tena hatua tano. Akapiga hodi mara tatu, baina ya hodi na hodi mtu angeweza kumenya ndizi. Ndani pirika pirika, kitanda kikalia, na Badriya akaitikia kwa sauti tamu, "Karibu, Bwana Zahran!"

Dakika tano baadae alikuja jikoni anatabasamu.

"Nimemkuta amekaa kama malkia. Nimemwamkia, nikamuuliza, 'Bi Kidawa, kuna mtu anakufunga?' Unajua alinijibu nini? 'Kitendawili!' Nikamwambia tega. Akasema, 'Ikipigwa hodi, mie hufunguliwa.' Nikamwambia mlango! Masikini, amechangamka kweli."

"Mikono yake umeitazama?"

"Bi Nassra!" Bwana Zahran alirudi nyuma nusu hatua. "Mimi, nimpandishe mwanamke mikono ya gauni?"

Na katika Kitabu cha Taarifa, kwa mwandiko ule ule uliotiwa mafuta, aliandika: *Nimekagua. Hali ni shwari. Mzee anatega vitendawili.*

Alasiri ile Bi Nassra alikaa barazani kwake na ungo wa mchele, anachagua chuya, na pembeni yake mjukuu wake Shaima amezungukwa na vitabu. Shaima alikuwa mwaka wa pili wa sheria pale chuoni Tunguu, na nyumbani hapakusemwa neno siku hizo bila kuulizwa ushahidi wake uko wapi. Chai ya tangawizi na asali ilikuwa imeanza kuirudisha sauti ya bibi, imekwaruza kama sufuria ya kusuguliwa mchanga.

Bi Nassra alimhadithia yote. Shaima alisikiliza kalamu iko sikioni.

"Kisheria, Bibi, umeshamaliza. Kanuni inakutaka umwarifu mkuu wako. Umemwarifu, tena kwa maandishi, tena na saini. Mzigo sasa uko kwake."

"Na yeye kakagua."

"Na yeye kakagua. Kisheria na yeye kamaliza."

"Sote tumemaliza," alisema Bi Nassra. "Sasa, mke mwenzangu wewe, mikono ya Bi Kidawa iko kwa nani?"

Shaima akafunua kitabu. "Hiyo… nafikiri ni mwaka wa tatu."

"Bi Kidawa hangoji mwaka wa tatu."

"Nakwambia sheria inavyosema, sikwambii ulale usingizi. Tena ujiangalie. Ukirudi kwa Bwana Zahran mara ya pili na yeye kaandika shwari, watasema unamsingizia Badriya. Watakufukuza."

"Hao ustawi wa jamii je? Nikenda kwao?"

"Unaweza. Watakuja kukagua."

"Watapiga hodi?"

"Bibi! Wakaguzi wa serikali hao, watu wazima wenye adabu zao. Watapiga hodi, ndiyo."

Mkono wa Bi Nassra ukasimama katikati ya mchele. Jicho halikuona chuya wala kijiwe.

"Siyo mlango," akasema.

"Nini siyo mlango?"

Bi Nassra aliuweka ungo kando. Alikuwa anahesabu siku. Wiki nzima mzee yule alikuwa akimwambia, kila asubuhi, kwa maneno manne tu, uso kwa uso, huku yeye anamimina uji na kupiga kelele birika, bahasha. Na hayo ya wiki moja ni machache. Hodi yake yeye mwenyewe, hodi nzuri, hodi ya kuposwa, ilikuwa ikitangulia mbele kila siku kwenda kumtahadharisha Badriya. Angeingia siku moja kama mtu asiye na malezi, angeona zamani.

"Shaima, sheria inasema nini juu ya hodi?"

Shaima alicheka. Alipoona bibi yake hacheki, akafikiri vizuri. "Haisemi kitu. Kwa mfanyakazi, ndani ya pahala pake pa kazi, na sinia mkononi? Hakuna sheria ya hodi, Bibi."

"Basi nikiingia bila ya hodi sivunji kitu."

"Kisheria huvunji kitu."

"Na mama yangu je?"

"Bibi yangu mkuu kafariki mwaka wa sabini na mbili."

"Wewe humjui," alisema Bi Nassra. "Kufariki hakukumpunguza."

Asubuhi ya pili sauti yake ilikuwa imerudi karibu yote, lakini hakuionesha. Alikwenda afisini akanong'ona.

"Bwana Zahran, saa nne na dakika tano, njoo upige hodi upande wa wanawake. Kama kawaida yako. Usipunguze adabu hata moja. Ila kikohozi, leo kiache."

"Bi Nassra, mimi nimeshakagua. Nimeshaandika."

"Najua. Ukija usipoona kitu, ntaandika mimi chini yako kwamba nimesema uongo, na saini ntaitia kubwa. Halafu ntavua aproni nende zangu."

Bwana Zahran alimtazama. Aliona jambo hilo lina utaratibu, na utaratibu ulikuwa udhaifu wake. Akakubali. Kuhusu kikohozi, alisema atajitahidi.

Saa nne Bi Nassra alivua makubadhi yake nje ya jiko, akachukua sinia akaenda pekupeku. Mlangoni miguu ilisimama yenyewe. Hodi ilikuwa ishapanda imefika kooni, imekaa, inangoja. Aliimeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Akamwomba radhi mama yake, akausukuma mlango taratibu, akaingia.

Ilikuwa kama jana. Badriya yuko mwisho, amemwinamia mzee mmoja, ameshamchana nywele, anamfunga ushungi. Bi Kidawa yuko kwenye kitanda chake, mikono iko kwenye chuma. Bi Nassra aliweka sinia chini, akaweka kidole mdomoni. Kisha akapita kitanda hadi kitanda, kimya kimya, huyu akamvuta ushungi, yule akamfunika kanga mabegani, mpaka wote wakawa wamesitirika. Wazee kumi na mmoja walimtazama na hakuna aliyetoa hata chafya. Kwa mara ya kwanza tangu kujengwa, Nyumba ya Utulivu ilikuwa na utulivu.

Nje pakasikika kikohozi. Alijitahidi, masikini, kimemshinda.

"Hodi!"

Badriya aliinua kichwa, akaona mtu ndani, asimtambue kwa haraka yake, akakimbilia kitanda cha tatu na mkono ameshaunyoosha kwenye ncha ya fundo. Bi Nassra akajaza kifua. Kigelegele cha Jumapili kilikuwa mazoezi tu.

"KARIBU! Karibu Bwana Zahran, tumejistiri sote, pita ndani!"

Mtu mwenye malezi akikaribishwa haulizi aliyemkaribisha ni nani. Bwana Zahran aliingia, kitabu chake kwapani, tabasamu lake tayari usoni, na mguu wa kuume mbele.

Tabasamu lilibaki pale muda kidogo, kama mgeni asiyejua kwamba karamu imekwisha. Kisha likaondoka. Badriya alikuwa amesimama mkono hewani. Vitambaa viko pale pale. Hapakuwa na haja ya kumpandisha mtu gauni.

"Kitendawili!" alisema Bi Kidawa.

Hakuna aliyesema tega.

Badriya ndiye aliyeanza kulia. "Wazee kumi na mmoja, Bwana Zahran. Mikono yangu miwili. Nikimwogesha mmoja, mwengine yuko barabarani. Nimekuandikia barua mara tatu unipe wa kunisaidia. Mara tatu!"

"Nimezipata," alisema Bwana Zahran kwa sauti ndogo. "Nilizipeleka kamati, zote, siku ile ile. Kamati wakajibu wamezipokea."

"Basi kila mtu alifanya lake," alisema Bi Nassra. "Wewe umeandika, yeye kapeleka, kamati wamepokea, mimi nimetia saini. Tizameni tulivyomaliza vizuri." Akaielekeza ile mikono kwa kidevu. Kisha akamgeukia Badriya, na sauti yake ikalainika bila ya kupungua. "Kazi ilikuzidi, mwanangu, hilo nnalikubali na ntakusemea kokote. Lakini fundo lile ni la kuvuta mara moja. Ungekuwa huoni ubaya, ungelifunga la kawaida."

Badriya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Bi Nassra aliinama akavifungua vitambaa mwenyewe. Hakuvuta ncha. Alilegeza pole pole, kidole baada ya kidole, huku Bwana Zahran amegeuza uso ukutani kwa adabu, na akiwa ameugeuza hivyo hivyo alifungua Kitabu cha Taarifa. Neno shwari alilikata kwa mstari. Alijaza ukurasa mzima na wa pili, na mwandiko siku hiyo haukulala; ulisimama kila upande kama nywele za mtu aliyeamshwa. Alipomaliza hakuupeleka kamati. Alivaa viatu akaenda nao mwenyewe ustawi wa jamii, kwa miguu, kwenye jua la saa sita, na huko hakuondoka mpaka mtu alipofuatana naye.

Badriya alisimamishwa kazi miezi mitatu, akahojiwa, na aliporudi alipewa kazi ya kufua, mbali na vitanda. Kamati, kwa aibu, ikaajiri wahudumu wawili. Na kwa kuwa kamati lazima iandike barua, ilimwandikia na Bi Nassra, ikamtaka aeleze ni kwa ruhusa ya nani aliingia bila ya hodi, na ni kwa ruhusa ya nani alimkaribisha mtu katika chumba kisicho chake. Shaima alimtungia jibu la kurasa tatu lenye vifungu. Bi Nassra alilisoma, akalisifu, akalitia chini ya sufuria ya maharage, akaandika lake kwa mkono wake: *Nilipiga hodi miaka mitano. Ilitosha.*

Tangu hapo hodi yake ikabadilika. Sinia mkononi, mguu ushavuka kizingiti, ndipo husema kwa pumzi moja, "Hodi karibu nshaingia!" Wazee wakawa wanamcheka. Mama yake, naamini, alimsamehe, ingawa kwa masharti.

Na Bi Kidawa asubuhi zote akawa yuko jikoni. Bi Nassra alimwekea kigoda karibu na mlango wa nyuma, mlango wazi, ungo mapajani, na kila dakika kumi mpishi anageuka kutazama kama kigoda kina mtu. Mara mbili hakikuwa na mtu, akamkuta getini, akamrudisha kwa kumwambia chuya zimebaki. Mikono ilipona pole pole kwa mafuta ya nazi. Wekundu uliondoka. Weusi ukabaki kidogo, kama bangili nyembamba.

Siku moja Bi Kidawa aliinua uso kwenye mchele.

"Nassra. Kile kitendawili changu hujanijibu."

Bi Nassra alikuwa anakoroga uji. Jibu alikuwa nalo tangu ile alasiri ya barazani, na tangu siku ile lilikuwa limemkaa kifuani. Hajawahi kushindwa tangu darasa la nne.

"Kipi hicho?"

"Ikipigwa hodi, mie hufunguliwa."

"Aa, hicho." Alikoroga tena, akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye aproni. "Hicho kimenishinda, Bi Kidawa. Nimefikiri mpaka nimechoka."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Matemwe."

Bi Kidawa aliuweka ungo chini ili aupokee kwa mikono miwili.

"Nimekwenda Matemwe," akaanza, na akafunga macho. "Nimefika maji yamekupwa. Nimekuta mwani wangu umeanikwa mlangoni, nani aliyeuanika sijui, Mungu amjaze kheri. Nikala, nikanywa, nikashiba…"

Uji ulianza kuchemka ukapanda mpaka ukingoni. Bi Nassra alipunguza moto akangojea, maana mji alioutoa ulikuwa mkubwa, na Bi Kidawa ndiyo kwanza amefika pwani.